Kabla Hujauliza Bei ya Bunduki, Jifunze Upepo

Ukipita Kuze, katika Mji wa Kale wa Mombasa, baada ya sala ya Isha, kwenye vichochoro vinavyoshuka kuelekea Kibokoni, utawakuta vijana wamekaa mabarazani watatu watatu, vichwa vimeinamia simu. Wanacheza PUBG au Free Fire. Tega sikio kidogo. Huyu anamwambia mwenzake kwamba darubini ya mara nane haifai kwa umbali ule. Yule anajibu, inua kidogo, risasi inashuka. Wakichoka na mchezo wanahamia kwenye video za Wamarekani waliolala kifudifudi wakigonga bamba la chuma lililo kilomita moja mbele yao. Halafu, karibu kila jioni, mmoja wao huuliza swali lile lile: bunduki kama hii ni bei gani?

Swali hilo limekaa mahali pasipo pake, na ndilo lililonifanya niandike. Ninaamini kwa dhati kwamba mashindano ya kulenga shabaha za masafa marefu ni mchezo wa heshima, unaofaa vijana wa Mji wa Kale kuliko wengi wanavyodhani. Ninaamini pia kwamba anayeuanza kwa kutafuta bunduki ataishia kwenye deni, na akiitafuta kwa njia za pembeni ataishia kizimbani. Mlango halali wa mchezo huu ni klabu, daftari na bunduki ya hewa ya mita 10. Mlango huo kisiwani kwetu haujajengwa, na lawama hiyo si ya vijana.

Mchezo wenyewe

Tuanze na kuujua, maana kinachoonekana kwenye simu ni kipande tu. Julai 1860, kule Wimbledon, Uingereza, Malkia Victoria alifyatua risasi ya kwanza ya mashindano ya chama kipya cha bunduki cha nchi hiyo. Bunduki ilikuwa imefungwa kwenye chombo cha kuishikilia, naye akavuta kamba. Mwaka 1890 mashindano hayo yalihamia Bisley, na hadi leo kila Julai walengaji wa mataifa mengi hukutana huko, Wakenya nao wakiwamo kwa miaka mingi. Hulenga kutoka yadi 300, 500 na 600, kisha waliobaki husogezwa nyuma hadi yadi 900 na 1,000, yaani mita 914. Katika aina hii ya zamani darubini hairuhusiwi. Mtu hulala chini, mkanda umembana mkono, jicho likichungulia kwenye kitundu cha chuma.

Aina ya pili inaitwa F-Class. Herufi hiyo imetoka kwa Mkanada George Farquharson, aliyetaka wazee ambao macho na viungo vimeanza kuchoka waendelee kushindana wakitumia darubini na kiegemeo. Ya tatu ndiyo inayowavutia vijana: ilipata ligi yake Marekani mwaka 2012, na ndani yake mlengaji hupewa sekunde 90 hadi 120 agonge mabamba kadhaa kutoka juu ya ukuta, ngazi au tairi. Zote tatu zina msingi mmoja, kusoma upepo na kuutuliza mwili, na ajabu ni kwamba msingi huo hauhusu nguvu wala kasi. Nafikiri hapo ndipo mchezo huu unapowafaa hata wale wasioitwa kwenye timu ya soka.

Kwetu Kenya mchezo huu si mgeni. Nchi ilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, Melbourne 1956, walenga shabaha walikuwamo msafarani, ingawa enzi hizo ulikuwa mchezo wa walowezi. Leo kuna uwanja wa Stoni Athi kule bara, na hapa pwani kuna klabu ya Bamburi, mwendo wa matatu kutoka kisiwani. Lakini muulize mtu yeyote Kuze, Makadara au Bondeni kama amewahi kufika huko. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, na tangu hapo bunduki ya masafa marefu imebaki kwa askari na kwa raia wachache wenye leseni na mfuko mzito. Mtoto wa mvuvi ataijulia wapi?

Kusi, umande na risasi

Watu wengi hudhani ugumu wa mchezo huu ni kushuka kwa risasi. Kweli inashuka: bunduki ya .308 yenye risasi ya greni 175, ikiwa imelinganishwa kwa yadi 100, itakuwa imeanguka kiasi cha mita 10 ifikapo yadi 1,000. Lakini mvutano wa ardhi haubadiliki. Programu za bure kwenye simu hukokotoa kuanguka huko kwa muda mfupi, mlengaji akazungusha kitasa cha darubini, mambo yakaisha. Kijana wa Kuze anaweza kujifunza hesabu hizo usiku huu huu barazani, bila kugusa silaha wala kumlipa mtu.

Shida yenyewe ni upepo. Risasi hiyo hiyo hukaa hewani zaidi ya sekunde moja na nusu. Upepo wa kilomita 16 kwa saa ukiikata ubavuni, kiasi cha kupeperusha kanga kwenye kamba, huisukuma takriban mita mbili na nusu kando. Sasa linganisha: katika F-Class ya Marekani, duara la pointi 10 kwenye shabaha ya yadi 1,000 lina upana wa sentimita 25 hivi. Ukikosea kuusoma upepo kwa sehemu ya kumi tu, kosa hilo peke yake linakutupa sentimita 25 kutoka katikati, ushatoka nje ya duara. Na upepo wa mahali ulipolala huenda si ule unaovuma katikati ya safari, wala ule wa penye shabaha.

Hapa ndipo ninapowaonea fahari watu wetu. Ni wapi tena nchini penye wazee wanaoujua upepo kwa majina yake? Nahodha aliyezeeka Bandari ya Kale hahitaji kipimo kumwambia kwamba alfajiri umande unatoka bara, na kwamba jua likipanda upepo wa baharini utaamka na kuushinda. Anajua kusi ya Julai inavyovuma kwa mikupuo na kaskazi ya Januari inavyokaa sawa siku nzima. Anajua tanga mbili, majira ambayo hakuna upepo wa kuaminika. Mlengaji aliyepanga bunduki yake saa moja asubuhi hushangaa saa nne risasi zote zimehamia upande mmoja, akadhani darubini imelegea. Mjukuu wa nahodha angetazama juu kwanza.

Kujifunza kunaanzia kwenye mambo ambayo hayana gharama. Simama ufukweni Mama Ngina, kadiria kasi ya upepo kwa kutazama majani ya minazi na ngozi ya maji, kisha linganisha na kipimo. Andika. Mchana jua likiwaka tazama mazigazi, yale mawimbi ya joto yanayochezacheza juu ya lami: yakilala upande yanakuonyesha upepo unakoelekea, yakipanda wima upepo umetulia au unakujia usoni. Walengaji wakubwa huyasoma hayo kwa darubini kabla ya kila risasi. Kila mmoja wao pia ana daftari lenye tarehe, saa, joto, upepo aliokadiria, alichozungusha kwenye darubini na mahali risasi ilipotua. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na katika mchezo huu kuinama ni kuandika hata siku uliyolenga vibaya. Hasa siku hiyo.

Mgeni anayefika kwenye uwanja wa masafa marefu, mara nyingi hapewi bunduki siku ya kwanza. Hupelekwa handakini, chini ya shabaha, awasaidie wenzake kuzishusha na kuzipandisha. Risasi hupita juu ya kichwa kwa mlio mkali kama mjeledi, shabaha huvutwa chini, tundu hutafutwa na kuwekewa alama, shabaha hupandishwa tena ili aliyelala mbali kule aone alipogonga. Mtu akishinda handakini asubuhi nzima hatoki akiiona bunduki kama kitu cha mchezo wa simu. Ningependa kila kijana anayetamani bunduki aanze hapo.

Sefu itakaa chumba gani?

Tuzungumze sasa habari za nyumbani, maana nyumba ndiyo inayoubeba mzigo.

Bei ya bunduki, ile inayoulizwa barazani, ni sehemu ndogo ya matumizi. Darubini inayostahili mashindano inaweza kugharimu sawa na bunduki yenyewe au kuzidi. Mashindano ya siku mbili ya aina ya mabamba humaliza risasi 150 hadi 200, na hayo ni mashindano tu. Mazoezi yana hesabu yake. Mtutu nao huchakaa. Wa 6.5 Creedmoor, risasi inayopendwa sana siku hizi, hupoteza makali baada ya risasi elfu mbili hadi tatu hivi, na hapo hununuliwa mwingine. Bandu bandu huisha gogo, na gogo lenyewe ni karo ya wadogo zako. Ndiyo maana nasisitiza: atakayekuwa na pesa kidogo aziweke kwenye mafunzo na risasi za mazoezi, atumie bunduki ya klabu, asahau kumiliki yake kwa muda mrefu.

Kisha kuna sheria, na hapa sitaki mtu adanganyike. Silaha za raia Kenya ziko chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na anayetoa kibali ni Bodi ya Leseni za Silaha. Cheti humtaja mwenyewe, silaha yake na risasi anazoruhusiwa. Mwombaji hukaguliwa tabia, rekodi na sababu ya kuomba. Wala leseni ikishatolewa haiwi ya milele: Desemba 2018 aliyekuwa waziri wa usalama wa ndani, Fred Matiang'i, aliagiza wenye leseni wote nchini wahakikiwe upya. Hata bunduki ya hewa, ambayo kwenye maduka ya mtandaoni inaonekana kama mwanasesere, usiiagize wala kumwambia ami yako wa Muscat akuletee kabla hujauliza Bodi na klabu. Mzigo ukifunguliwa bandarini au uwanja wa ndege wa Moi, hakuna atakayesikiliza kwamba ulikuwa wa michezo.

Na ukishapata cheti, silaha ilale wapi? Nyumba zetu za Mji wa Kale tunazijua. Ukuta mmoja watu wa nyumba mbili, ngazi moja ya kwenda orofani, chumba kimoja wamelala watoto wa dada na wa kaka, mlango wa mbele hauna komeo hadi usiku. Sheria inataka silaha ifungiwe mahali salama, nami nasema nyumba ya namna hiyo haina mahali salama. Mama mmoja wa Kuze nilipomgusia jambo hili alinijibu: "Mwanangu, kwangu hata jina la bunduki haliingii." Simlaumu. Yeye na majirani zake waliona msako wa polisi katika Msikiti Musa, Majengo, Februari 2014. Waliona vijana wakibebwa, na tangu siku hizo wazazi wa hapa wanajua mtoto wao anavyoweza kushukiwa kwa kofia tu. Umwongezee bunduki?

Hofu hiyo ina haki, na jibu lake halipo kwenye kuificha hamu ya vijana. Hamu ipo, kila usiku inachezwa kwenye simu bila mwalimu. Kwenye mchezo wa simu kijana hulenga kichwa cha mtu, akifanikiwa hupigiwa makofi. Kwenye uwanja halisi, sheria ya kwanza anayofundishwa ni kuihesabu kila bunduki kuwa imejaa. Ya pili, mtutu usielekee kamwe kwa binadamu. Ya tatu, kidole kikae mbali na kifyatulio hadi macho yawe kwenye shabaha, na ya nne, ujue kilicho nyuma ya shabaha yako. Akigeuza mtutu vibaya anatolewa mashindanoni papo hapo, hata kama alikuwa anaongoza. Samaki mkunje angali mbichi: ni afadhali akunjwe na nani, kocha mwenye jina na leseni, ama mgeni wa mtandaoni asiyejulikana anakotoka?

Mfuga kuku aliyewashinda wanajeshi

Nasikia pia wanaosema huu ni mchezo wa wanaume. Wakae nami kidogo. Mwaka 1930, Bisley, tuzo kubwa kuliko zote ilikuwa ya Mfalme, na walioizoea walikuwa wanajeshi. Siku ya mwisho, yadi 1,000, aliyebaki akipambana na afisa wa jeshi alikuwa Marjorie Foster, mwanamke aliyekuwa akifuga kuku. Alimshinda kwa pointi moja, akawa mwanamke wa kwanza kuitwaa tuzo ile. Bunduki haikuuliza nani ameishika. Hadi leo katika mashindano mengi ya masafa marefu wanawake na wanaume hulala mstari mmoja na kuhesabiwa pamoja. Michezo ya namna hiyo ni michache duniani.

Na tusiseme hayo ni ya Wazungu. Rio 2016, Oman ilipeleka wanamichezo wanne tu kwenye Olimpiki, na mmoja wao alikuwa mlengaji wa kike, Wadha al-Balushi. Jina hilo la ukoo si geni hapa. Wabulushi wa Makadara ni wajukuu wa askari walioletwa Mombasa na watawala wa Oman kulinda ngome na mji. Kulenga kulikuwa kazi yao. Jirani zetu Wawaata, wawindaji wa nyika ya Tsavo, walisifika kwa pinde ambazo watu wengine hawakuweza hata kuzivuta. Binti wa Kuze akitaka kujifunza kulenga ana mifano upande wa bahari na upande wa bara, na buibui lake halimzuii kulala kwenye mkeka na kuhesabu pumzi.

Pumzi ndiyo kazi yenyewe, na hapo kiungo dhaifu huonekana mapema. Mlengaji huvuta hewa, hutoa nusu, husubiri mwili utulie. Shavu liko kwenye kitako mahali pale pale kila mara, kwa sababu likihama kidogo tu jicho nalo limehama. Kisha ncha ya kidole hubonyeza kifyatulio taratibu mno hata mlio humjia kabla hajautarajia. Mwenye pupa hukivuta, na mtutu humfuata. Zoezi kubwa la kurekebisha hilo ni kufyatua bunduki tupu mara mia, chini ya macho ya kocha, bila kutumia risasi hata moja.

Mita 10 za Tononoka

Paris 2024, simu zote za Mombasa zilisambaza picha ya Yusuf Dikeç, Mturuki wa miaka 51, mkono mmoja mfukoni, fulana ya kawaida, bila miwani ya ajabu, akitwaa medali ya fedha ya bastola ya hewa pamoja na mwenzake Şevval İlayda Tarhan. Vijana walicheka na kufurahi. Wachache waliuliza umbali aliolenga. Ulikuwa mita 10.

Mita 10 ni urefu wa ukumbi wa kawaida. Bunduki ya hewa ya mashindano hutumia kijirisasi cha milimita 4.5, na nukta ya pointi 10 kwenye shabaha ina upana wa nusu milimita. Haihitaji uwanja wa kilomita moja wala kilima cha kuzuia risasi. Inahitaji mtego wa chuma ukutani, taa nzuri, mstari ambao hakuna anayeuvuka, na msimamizi mkali. Pumzi, kifyatulio, shavu, daftari, yote yanafundishika hapo. India, nchi yenye watu zaidi ya bilioni moja, ilipata dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki ya mtu mmoja mmoja Beijing 2008, kupitia Abhinav Bindra na bunduki ya hewa ya mita 10. Bindra alitoka kwenye familia yenye uwezo wa kumjengea uwanja nyumbani kwao. Nani Kuze atamjengea mwanawe uwanja?

Ndiyo maana jambo hili nalipeleka kwa serikali ya kaunti na kwa wasimamizi wa mchezo huu nchini. Ukumbi wa Tononoka upo, na watu wa kisiwani wanaufikia kwa miguu. Njia sita za mita 10, jioni mbili kwa wiki, bunduki za hewa za klabu zilizosajiliwa, kocha aliyeidhinishwa, na orodha ya wanachama ambayo polisi wa kituo cha karibu wanayo. Watakaoonyesha bidii kwa mwaka mzima wapandishwe Bamburi wakaanze handakini, kisha bunduki ndogo ya .22, kisha masafa marefu. Hakuna atakayemiliki silaha, hakuna atakayeibeba kupita nayo vichochoroni. Najua zipo shida zetu nyingine, maji, kazi, dawa za kulevya, na kwamba michezo ya Jumuiya ya Madola, ambayo zamani iliwapa walengaji wa nchi kama yetu jukwaa, iliuondoa mchezo huu Birmingham 2022. Hilo limeondoa jukwaa moja. La Olimpiki bado lipo, na linaanzia mita zile zile 10.

Wazazi nao waitwe mapema, kabla rangi ya ukutani haijakauka, waje na maswali yao. Waulize kocha alifunzwa wapi na nani amemwidhinisha. Waulize kinachofanyika mtoto akivuka mstari. Waulize bunduki zinahesabiwa saa ngapi, mwanzo na mwisho wa mazoezi, na hesabu hiyo inaandikwa kwenye kitabu gani. Na wasiondoke kabla hawajaonyeshwa sefu, na kuambiwa kwa jina ni watu gani wawili wanaolala na funguo zake.